Naomba ushauri: ubingwa bobezi wa mapafu na wagonjwa mahututi

Madaktari wenzangu, mimi ni bingwa wa magonjwa ya ndani hapa Kampala, na sasa nataka kusomea ubingwa bobezi wa mapafu pamoja na tiba ya wagonjwa mahututi. Addis Ababa mafunzo haya huchukua miaka 2; Marekani ni miaka 3, lakini huko kwa kawaida hutakiwa kwanza urudie miaka 3 ya magonjwa ya ndani, jambo ambalo, kwa mtu mwenye familia, naliona zito mno. Navutiwa zaidi na Addis, kwa kuwa madhara ya kifua kikuu tunakutana nayo wodini kila siku. Mliopitia huko, je, mlipata mazoezi ya kutosha ya bronkoskopi (kuchunguza njia za hewa za mapafu kwa kamera) na mashine za kupumulia, na mwajiri aliwapa ruhusa ya masomo huku akiendelea kuwalipa mshahara?