Nitaitambuaje baiskeli ya gia moja isiyo na friwili?

Swali
Assalaam aleikum ndugu zangu. Kijana mmoja wa Kisauni anauza baiskeli ya gia moja isiyo na friwili (kifaa kinachoruhusu gurudumu la nyuma kuzunguka huku pedali zimetulia), mtindo unaopendwa na vijana wenzake, na katika tangazo ameiita "ya mashindano, adimu, kama mpya". Pichani naona mnyororo una kutu na breki zimeondolewa. Niipimeje?

Jibu la kwanza
Waaleikum salaam. Inua gurudumu la nyuma, kisha zungusha pedali kinyumenyume: gurudumu likirudi nyuma pamoja nazo, ndiyo yenyewe, likitulia, hiyo ni baiskeli ya kawaida iliyovuliwa gia. Tazama pia pete inayofunga sproketi (kile kidude chenye meno kinachoshika mnyororo kwenye gurudumu la nyuma), pete ambayo hukazwa kwa kuzungushwa kushoto. Isipokuwepo, sproketi yaweza kufunguka unapozuia pedali kwa miguu, nawe ukakosa cha kukusimamisha.

Jibu la pili
Nakusihi usiiendeshe bila breki ya mbele. Baiskeli za aina hii asili yake ni viwanja vya mbio, ambako hakuna matatu wala mteremko kama ule wa kushukia feri pale Likoni.

Muulizaji
Ahsanteni. Nimeipima leo, na gurudumu halikurudi nyuma. Nilimwomba arekebishe tangazo. Amefuta neno "adimu" pekee, na bei ni ileile.