Naomba ushauri: nyuzi za katani hazishikani na rezini

Wakuu habari. Niko Lindi, natengeneza vifuniko vya matangi kwa rezini ya poliesta (ile plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu), ila badala ya faiba ya kioo naweka katani. Nikivunja kipande cha majaribio, nyuzi zinachomoka nzima nzima, kavu, kama hazijawahi kugusana na rezini.

Najua nyuzi zina nta inayotakiwa kutolewa kwa kostiki soda (ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni). Nikaloweka, gramu 50 kwa lita ya maji, usiku kucha. Zikageuka njano, zikawa zinakatika kama tambi! Kuloweka kwa muda wa saa moja tu nako naona hakutoshi.

Waliowahi kufanya, mliloweka muda gani? Suuza ya mwisho mnatia siki kuua kostiki iliyobaki? Na unyevu huu wa pwani, nikianika juani tu zinakauka kweli, au nitafute oveni?