Prostaglandini imetokana na mafuta, sasa inabebwa ya nini kuvuka utando wa seli?

msomaji_wa_usiku
Wakuu habari zenu, nimekwama toka jana. Prostaglandini, zile kemikali ambazo seli hutumia kupeana ishara na seli jirani, zinatengenezwa kutoka asidi ya arakidoniki, ambayo ni mafuta, na mafuta si yanapenya tu utando wa seli kama steroidi? Sasa nakutana na protini inaitwa PGT, kazi yake kuziingiza ndani ya seli. Kwanza kwa nini zibebwe, pili kama vipokezi vyake (protini zinazopokea ishara yake) viko nje kwenye utando, huko ndani zinafuata nini? Nina mtihani jamani.

Kapilari
Steroidi ndo imekupoteza. Prostaglandini ina kundi la kaboksili, na kwenye pH 7.4 ya damu hilo kundi limeshaachia haidrojeni yake, limebaki na chaji hasi. Kitu chenye chaji utando haukipitishi kirahisi. Kutoka inasukumwa na pampu, mojawapo ni MRP4, kuingia ndo inahitaji PGT, ambayo inafanya kama kubadilishana mzigo, laktati inatoka prostaglandini inaingia.

Inafuata nini ndani? Kifo. Enzaimu ya kuimaliza, 15-PGDH, inakaa kwenye sitoplazimu. Inashika kaboni namba 15 yenye haidroksili (OH) inaigeuza keto (C=O), na hapo PGE2, aina mojawapo ya prostaglandini, inakuwa kama ufunguo uliosagwa meno, kwenye kipokezi haifanyi kitu cha maana. Enzaimu nyingine inaondoa bondi ya mara mbili kati ya kaboni 13 na 14, mkia unakatwakatwa, mabaki yanaishia kwenye mkojo.

zamu_ndefu
Na sehemu kubwa ya hiyo kazi inafanyika kwenye mapafu. PGE2 ikipita mapafuni mara moja tu zaidi ya asilimia 90 imeondolewa, ndo maana inafanya kazi jirani na ilikotengenezwa, haizunguki mwili mzima kama insulini. Ndo maana pia kuipima kwenye damu ni kujisumbua, yaani sindano yenyewe inachokoza chembe sahani zinaanza kutengeneza prostanoidi zake (yaani prostaglandini na ndugu zake) humo humo, bora upime mabaki kwenye mkojo.

bondi_mbili
Kwa hiyo prostaglandini zote zinafia mapafuni, rahisi.

Kapilari
@bondi_mbili zote hapana mkuu. Prostasaiklini, ndugu yao mmoja, PGT haiitambui, inapita mapafuni salama, ila yenyewe inavunjika kwenye maji ndani ya dakika chache bila enzaimu yoyote. Thromboksani A2, ndugu mwingine, ndo kabisaa, nusu ya maisha yake (muda wa nusu yake kutoweka) ni kama sekunde 30.

msomaji_wa_usiku
Ahaa! Sasa ngoja, ule mshipa wa mtoto tumboni unaounganisha ateri ya mapafu na aota, tuliambiwa PGE2 ndo inauweka wazi. Ina maana tumboni mapafu yanapata damu kidogo, hakuna wa kuifagia, akizaliwa akapumua damu inamiminika huko, PGE2 inashuka, mshipa unafunga?

zamu_ndefu
Umeipata. Ongeza na kondo, lilikuwa linaitengeneza na sasa halipo, na oksijeni nayo imepanda. Mtoto mwenye kasoro ya moyo inayotegemea huo mshipa anawekewa PGE1, prostaglandini nyingine inayouweka mshipa wazi, na hapo ndo utaona nusu maisha kwa macho, haichomwi sindano ukaondoka, ni dripu mfululizo. Niliwahi kukaa na mmoja usiku mzima, jicho moja kwenye pampu ya dripu, lingine kwenye kifua chake, maana hiyo dawa inaweza kumsimamisha pumzi.

msomaji_wa_usiku
Dah. Na mtu akizaliwa 15-PGDH yake mbovu?

Kapilari
PGE2 inarundikana, ncha za vidole zinavimba kama rungu, mifupa inanenepa, viungo vinauma. Na jeni ya PGT ikiharibika, enzaimu ikiwa nzima kabisa, ugonjwa ni ule ule.

msomaji_wa_usiku
Kwa sababu haijafikishwa mlangoni kwa enzaimu! Asanteni, narudi kwenye daftari.