Kuta: tofali la kuchoma, udongo wa kushindilia au nyumba ya printa?

Mjenzi Mtarajiwa
Wakuu, habari zenu. Naandaa nyumba ya vyumba vitatu, haina ghorofa. Kwa upande wa kuta nimebaki na njia tatu: tofali la kuchoma, tofali la udongo la kushindilia lenye saruji kidogo, na hii printa, mashine inayopandisha ukuta tabaka kwa tabaka kama mfinyanzi anavyopandisha chungu. Nataka nyumba isiyoharibu mazingira, ila sitaki kuwa panya wa majaribio. Aliyewahi kulinganisha kwa vitendo anisaidie.

Nondo Kumi
Mkuu, la kuchoma liondoe kwenye orodha. Tanuri la kuni linakula miti, na moto haufiki sawa kote: ya pembeni yanatoka mabichi, yaliyo karibu na moto yanapinda. Unalipia yote, unajengea baadhi. La kushindilia halijui moto. Saruji asilimia 5 hadi 10, mashine ya mkono, basi. Mashine ya aina hiyo iitwayo CINVA-Ram ilibuniwa Kolombia miaka ya 1950 na bado mafundi wanaiiga.

Mama Ramani
Naongezea kuhusu printa, maana watu wanaona video wanapagawa. Tope lake lazima lipite kwenye bomba bila kukwama, kisha lisimame palepale linapotua. Kokoto kubwa hazipiti humo, kwa hiyo kila mita ya ujazo inabeba saruji nyingi kuliko zege la kawaida. Na saruji ndiyo penye kidonda. Klinka, yaani yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji, inachomwa kwenye joto la takriban nyuzi 1,450, na zaidi ya nusu ya hewa ukaa haitoki kwenye mafuta ya tanuri, inatoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapovunjika. Hata ukichoma kwa umeme wa jua, jiwe litatoa tu. Nakubali kwamba printa inaokoa mbao za kufungia zege na taka za saiti. Lakini nyaya, mabomba na milango vinamsubiri fundi yuleyule.

Kijana wa Saiti
Mama Ramani, shikamoo, ila umeionea mashine. Kosa ni la tope. Italia mwaka 2021 walikamilisha TECLA, nyumba iliyochapwa kwa udongo wa eneo hilohilo, uchapaji ukachukua kama saa 200. Halafu saruji nayo inabadilika. Ipo inayoitwa LC3: klinka karibu nusu, inayobaki sehemu kubwa ni udongo mfinyanzi uliochomwa kwa nyuzi 700 hadi 850, pamoja na unga wa chokaa ambayo haikuchomwa kabisa. Hewa ukaa inaweza kupungua hadi kufikia asilimia 40.

Mama Ramani
Marahaba mwanangu. LC3 naikubali kabisa, na nyumba hii itaihitaji kwenye msingi na linta (zege la juu ya milango na madirisha) hata kuta zikiwa za udongo. TECLA nayo ni nzuri. Lakini aliyeuliza ana vyumba vitatu na hana mashine. Akipata ufa ukutani miaka mitano baadaye, nani ataukarabati?

Kijana wa Saiti
Hapo umenibana.

Tope Jekundu
Nimesoma kimya, sasa niseme. Mimi nilijenga kwa tofali la kushindilia na raundi ya kwanza nilitupa yote. Udongo ulikuwa wa mfinyanzi mno, halafu nikayaanika juani siku ileile nikidhani nayakausha vizuri. Yalipasuka kama uso wa bwawa lililokauka. Saruji haitaki kukaushwa, inataka maji ya kufanyia kazi. Raundi ya pili nilipunguza mfinyanzi kwa mchanga, nikayaweka kivulini, nikayafunika nailoni na kuyamwagilia wiki nzima, nikangoja siku 28. Hadi leo yapo.

Jambo jingine ni maji ya mvua. Weka msingi wa mawe unaopanda juu ya ardhi, na upenu mpana. Angalieni shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, ya mbunifu majengo Francis Kéré, iliyokamilika mwaka 2001: tofali za udongo, na bati limeinuliwa mbali na dari ili joto lipite katikati na mvua isiguse ukuta. Ukuta wa udongo hauogopi uzito wa nyumba hii, unaogopa kulowa.

Nondo Kumi
Hilo la upenu lipigiwe mstari. Watu wanabana paa halafu wanalaumu tofali.

Mjenzi Mtarajiwa
Asanteni sana. Printa nimeiacha. Nimeondoa udongo wa juu wenye mizizi, wa chini nikautikisa na maji kwenye chupa: mchanga umekaa chini zaidi ya nusu, juu kuna tope laini. Nimetengeneza na sanduku la mbao la kupimia udongo unavyosinyaa ukikauka, urefu sentimita 60, upana 4, kimo 4. Nilijaze vipi?

Tope Jekundu
Paka mafuta ndani kwanza, udongo usishike mbao. Jaza udongo uliolowa, ushindilie hadi kwenye kona, sawazisha juu. Siku tatu juani au wiki kivulini. Kisha sukuma wote upande mmoja, upime pengo. Likiwa chini ya sentimita moja na nusu, saruji kidogo inatosha. Likikaribia sentimita 6, usinunue saruji bado, tafuta mchanga.

Mjenzi Mtarajiwa
Nimeliweka kivulini leo asubuhi. Wiki ijayo naleta kipimo.