Injini ya gari ishabadilishwa: muuzaji aende NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwanza ama mnunuzi ajipange?

Wadau hebu tuongee hili, kuna watu wanashikilia ati kazi ya muuzaji ni kuonyesha gari na kutaja bei, mambo ya injini iliyobadilishwa mnunuzi aje na fundi wake ajikagulie. Mimi nakataa.

Kenya hii logbuku (hati ya umiliki wa gari) imeandikwa namba ya injini, namba ya chasi, rangi, aina ya bodi, mpaka CC (ukubwa wa injini). Ukibadilisha kitu kati ya hivyo sheria ya trafiki inataka uijulishe NTSA, rekodi irekebishwe. Sasa chukua mtu ana Subaru Forester ya lita 2 haina tabo (turbo), injini ikagonga, akashuka Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea Nairobi, akatafutiwa ya tabo iliyotoka kwa gari lingine, ikaingia vizuri, ametembea nayo miaka na leo anaiuza. Transfa ya umiliki inafanyiwa eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), muuzaji anaanzisha, mnunuzi anakubali, ada inalipwa, kwisha. Hakuna aliyefungua boneti. Unabaki na logbuku safi ya jina lako na namba ya injini iliyouzwa skrapu kitambo.

Halafu siku polisi walinganishe namba wapate hiyo injini ni ya gari lililoibiwa, wewe ndio utaeleza. Ama upate ajali, bima itume asesa (mkaguzi wao wa hasara), aone gari uliloandikisha si hili, hapo umewapa sababu ya kukataa kulipa. Na fundi mnayesema aje akague, fundi gani? Wengi wanasikiliza injini inavyonguruma na kuangalia oili, logbuku hata hawaiulizi.

Wanaosema ukaguzi unakula siku nzima na bado kuna mtu anataka chai, hapo sibishani. Ndio maana hata yale mapendekezo ya 2025 ya kukagua magari ya kibinafsi kila mwaka yakipita miaka minne siyataki. Rimu, redio, bodikiti, acheni watu na pesa zao (egzosti za kuamsha mtaa saa nane usiku ni kesi nyingine). Ninachotaka ni kimoja, transfa isipite kabla namba iliyo kwa injini ifanane na ya logbuku, na gharama abebe anayeuza.

Sasa wenye yadi za kuuza magari mniambie, kama injini ilibadilishwa na mwenye gari wa kwanza, wewe ni wa tatu, risiti hakuna, nani anabeba huo mzigo?