Naomba ushauri: madogo wanakariri P nne ila hawazielewi

Wakuu habari za mchana, mi mwalimu wa somo la biashara kidato cha tatu huku Morogoro, nimekwama kidogo. Zile P nne za masoko (marketing) za mtaalamu McCarthy za mwaka 1960, yaani bidhaa (product), bei (price), mahali (place) na promosheni (promotion), madogo wanazikariri kama sala ila ukiwauliza masoko ni nini wanakwambia Kariakoo. Jana nikawapa mfano wa mama anayeuza ubuyu getini, pakti sh 200, anayetaka pilipili anaongezewa, na ukinunua tano ya sita bure. Nikauliza hiyo ya bure ni P ipi? Nusu darasa bei, nusu promosheni, wakabishana mpaka kengele ikalia na kusema kweli hata mi nikabaki najikuna kichwa, mi naona promosheni ila wa bei nao wana hoja, sasa nikisahihisha niwape wote maksi? Halafu tofauti ya kuuza na kufanya masoko mnaielezaje bila kujaza notsi ubao mzima? Nafikiria kila kundi niwape buku tano wafanye biashara wiki moja, ila hiyo hela inatoka mfukoni kwangu, na hawa nawajua, wataila chipsi. Aliyewahi kujaribu anipe uzoefu.