Mafuriko yameisha ila biashara imegoma kurudi, mliopitia haya mlifanyaje?

Mama Ipinda
Habari zenu wapendwa. Niko Kyela, upande wa Ipinda, nina duka la mahitaji ya nyumbani. Mvua za Aprili mto ulifurika maji yakaingia mpaka dukani, sukari unga sabuni vyote vikaenda, tope tukalitoa kwa majembe siku 3. Hilo nilishalilia likaisha. Kinachonimaliza ni haya ya baadae. Mpunga umelala kwenye maji wakati ulikuwa unakaribia kuvunwa, na huku kwetu hela ya mwaka tunaingojea kwenye mpunga na kokoa, kwahiyo wateja wangu hawana kitu, daftari la madeni limejaa. Msaada ulikuja, Mungu awabariki walioleta maana watu walilala njaa, lakini unga na mafuta vilivyogawiwa bure mimi niliyekopa kurudisha mzigo nikakaa karibu mwezi siuzi. Siwezi kukasirika jirani akilishwa, ila marejesho yangu ni kila wiki. Hali inarudi kweli? Nianzie wapi?

Fundi wa Itezi
Pole sana mama. Mimi niko Itezi hapa Mbeya mjini, mlima Kawetere uliposhuka tarehe 14 Aprili 2024 tope lilifunika nyumba za watu tunaowajua. Nilichojifunza kwenye kazi yangu, hela inaanza kutembea pale ujenzi unapoanza, fundi akilipwa jioni anapita kwa mama ntilie, mama ntilie ananunua mchele dukani, bodaboda anapata abiria. Lakini hiyo ni kama mafundi na vibarua ni wa hapo hapo. Akija mkandarasi na watu wake na saruji yake kutoka mbali, hela inapita juu ya vichwa vyenu. Semeni mapema kwenye mkutano wa kijiji, kabla daraja au shule haijaanza kukarabatiwa. Hata chakula cha msaada waombeni wanunue kwa wenye maduka wa hapo ambao mzigo wao umepona.

Shemeji wa Katesh
Naunga mkono. Dada yangu ameolewa Katesh, tope la Mlima Hanang la 3 Desemba 2023 liliingia mpaka mjini kwenye biashara za watu. Serikali na wadau wakajenga nyumba zaidi ya 100 kwa waliopoteza makazi, jambo kubwa sana lile. Ila angalieni na hili, mtu anayeuza genge anaishi kwa wapita njia, ukimhamisha na wateja wasihame naye anaanza sifuri akiwa ndani ya nyumba nzuri. Wewe mama kama duka halijabomoka usihame haraka.

Dada wa Kikoba, Tukuyu
Mama yangu shikamoo. Naongelea hayo marejesho. Usikope kwingine kulipa hapo, haswa hizi kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, nimeona wanawake wanabebewa vitanda na masufuria. Kama ni kikoba, yaani kikundi chenu cha kuweka na kukopeshana, itisheni kikao msimamishe marejesho mpaka mavuno bila faini, mfuko wa jamii wa kikundi, ule wa kusaidiana kwenye shida, uliwekwa kwa siku kama hizi. Sisi tulifanya hivyo mwaka mmoja, kulikuwa na kelele lakini hakuna aliyekimbia na kikundi kipo mpaka leo. Kama ni taasisi ya mikopo nenda mwenyewe uombe wapange upya kabla hujachelewa, ukijificha ndio unaonekana mkorofi. Halafu uliza halmashauri mikopo ya asilimia 10, haina riba, 4 ni za wanawake 4 vijana 2 wenye ulemavu, lazima muwe kikundi kilichosajiliwa.

Mkulima wa bondeni
Maji yakishuka msikae mnaangalia. Unyevu ule unatosha mahindi mabichi, maharage na mboga, miezi 2 au 3 mtu ana hela kidogo mkononi. Palipojaa mchanga sikudanganyi pana kazi. Kokoa ukipanda upya ni miaka 3 mpaka 5 ndio uanze kuvuna, kwahiyo mti ambao bado una uhai zibueni mifereji maji yatoke kwenye mizizi, msikate kwa hasira.

Mama Ipinda
Ndaga fijo, asanteni sana wanangu, nimesoma zote. Kikao cha kikoba nimeshaomba kiwe Jumapili baada ya ibada. Na nimepunguza mzigo, nimeacha vitu vya gharama, naweka chumvi, sabuni ya kipande, mafuta ya kupima, na nimetenga kona ya mbegu za mboga kwa vipimo vidogo. Leo asubuhi wamekuja 4 kuulizia mchicha, wawili wamelipa taslimu.